Swali lako liko wapi? Juu ya kurekodi maisha ya wazee wetu

Wandugu, tuliotoka kwenye auditoire moja na ninyi wengine mnaosoma hapa, leo nataka kusema neno juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tumeianza na tunasifiana juu yake. Unachukua telefoni, unakaa na mama, ao na kambo, ao na rafiki wa zamani wa baba, unabonyeza kile kitufe chekundu na kusema: haya, tueleze maisha yako. Kisha unaandika, unapiga foto ya mzee akiwa amevaa vizuri, unawapa jamaa. Mimi pia niliifanya. Sisemi kazi yenyewe ni mbaya. Nasema tunaifanya vibaya, na ubaya wenyewe uko mahali padogo ambapo hatupaangalii. Nitapita kwanza mu vitabu, kisha nitafika kwetu nyumbani, maana ni kule ndiko nililipa.

Mimi si mwanahistoria. Nilisoma kilimo, lisansi yangu ni ya udongo na mbegu. Lakini mtu wa Lubumbashi anayetaka kujua namna ya kusikiliza wazee hana haja ya kwenda mbali, juu mji wetu una vitabu vya hii kazi ambavyo watu wa Ulaya wanavifundisha katika madarasa yao, na sisi tunapita kando yake kama vile havikuandikwa kwa lugha yetu.

Cha kwanza kinaitwa Vocabulaire ya mji wa Élisabethville. Kiliandikwa mwaka 1965, mwaka mmoja mbele mji haujabadilishwa jina kuwa Lubumbashi. Aliyekiweka pamoja ni André Yav, kwa niaba ya maboyi wa zamani, wale waliopika, waliofua na kulea watoto mu nyumba za wazungu. Ni kurasa zipatazo thelathini tu, zilizopigwa kwa mashini, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha vitabu vya shule. Maneno yamekatwa mahali ambapo hatungeyakata, mengine yameunganishwa, nukta ziko pale mwandishi alipovuta pumzi. Johannes Fabian, mwana-antropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 70, alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango, mtu wa huku kwetu. Na ili kukielewa, ilibidi kwanza kisomwe kwa sauti. Kwa macho tu hakifunguki. Ukikisoma kwa mdomo, unasikia mzee anaongea.

Nilipokisoma mara ya kwanza, mu fotokopi ambayo mwenzangu alikuwa ameazima kwa mtu mwingine, nilikasirika. Mimi nimezoea tableau: mwaka huu, kiasi hiki, chanzo hiki. Yav anaongea juu ya mfalme wa Wabelgiji, juu ya Msiri, juu ya bwana na boyi wake, juu ya posho, na miaka inapishana kama watu ku soko la Kenya siku ya posho. Nilikiweka chini wiki mbili. Kisha nikakirudilia jioni moja wakati hakuna moto, nikisoma kwa sauti kwa taa ya telefoni, na mama aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni akasema: "Huyu muzee mwenye unasoma, njo vile tate alikuwa anaongeaka." Hapo nikaelewa kwamba kile nilichokiona kuwa vurugu ni mpangilio wa mtu ambaye hakuna aliyemkatiza.

Kile njo kitu cha ajabu mu hii Vocabulaire: hakuna swali. Hakuna mtu wa chuo kikuu aliyewaendea wale wazee na karatasi. Waliamua wenyewe kitu gani kinastahili kukumbukwa, wakaanzia pale walipotaka. Ndiyo nguvu yake. Lakini nisiwe mshabiki tu, juu mkosoaji anayesifu kila kitu hana kazi. Pale ambapo hakuna anayeuliza, kuna mambo yanayolala. Ni kitabu cha wanaume waliofanya kazi kwa wazungu, na wanaongea kama kundi: sisi maboyi, sisi watu wa zamani. Unatamani mtu mmoja angekuwa pale kusema: na wewe, mzee, wewe mwenyewe, ile siku ulilala wapi? Bibi yako alikula nini? Ule ukali wa swali la mtoto au la mjukuu haumo. Kwa hiyo sisemi tuache kuuliza. Nasema kitabu kisicho na swali kinatuonyesha swali linafanya kazi gani.

Kitabu cha pili kinaonyesha upande wa pili. Miaka ya 1973 na 1974, yule Fabian alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mu huu mji mwaka 1947. Wakati ule watu wa Lubumbashi walikuwa wananunua picha za kutundika ku salon, zile zilizoitwa ukumbusho. Tshibumba yeye alitaka kuchora historia yote ya nchi, kutoka zamani za mababu hadi Mobutu, na alijiita mwanahistoria bila haya. Alichora picha zaidi ya mia moja, akazieleza moja kwa moja mbele ya mashini ya kurekodi. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996, Remembering the Present. Tshibumba mwenyewe alipotelea mwanzoni mwa miaka ya 80, na picha zake ziko Amsterdam.

Kuna mambo mawili ambayo ninayapenda mu ile kazi na moja ambalo silipendi. La kwanza: mzee, hapana, kijana, alikuwa hata hajafika miaka thelathini, anaongea akiwa na kitu mbele yake. Picha iko pale. Kwanza anaieleza yeye mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha njo mazungumzo yanaanza. Hasemi tu "kwa kawaida watu walikuwa wanafanya hivi". Anaonyesha kidole: huyu ni nani, hii bunduki ni ya nani. Alichora ile grève ya wafanyakazi wa Union Minière ya Desemba 1941, wakati askari walipiga watu risasi ku stade, na yeye alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo anaeleza kitu alichosikia, na inaonekana kwamba alikisikia. Hajifanyi shahidi.

La pili ni hili ambalo nimelijia. Fabian hakujificha. Maswali yake yako pale, hata yale mabaya, hata pale anapomsukuma mwenzake kidogo na mwenzake anamrudishia. Unaweza kumkosoa Fabian juu yeye mwenyewe amekupatia kisu. Unasoma jibu, unarudi kwa swali, unasema: ah, hapa alimwonyesha njia.

Lile nisilolipenda ninyi mnalijua mbele sijalisema. Maneno yalitoka mu mdomo wa mtu wa Lubumbashi kwa Kiswahili na Kifaransa, na kitabu kiko kwa Kiingereza, kwa bei ambayo mwalimu wa huku hawezi. Maandishi ya Kiswahili yaliwekwa baadaye ku intaneti, nashukuru, lakini ni nani ku Katuba ao ku Kamalondo anayejua? Heshima kwa mtu si tu kuweka jina lake ku jalada.

Wa kwetu ambao wamefanya hii kazi kwa uvumilivu ni watu wa historia wa Université de Lubumbashi, na wa mbele ni Donatien Dibwe dia Mwembu. Kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao, baba akiwa ni kampuni, mtu yeyote ambaye mzazi wake alikula posho ya cité anapaswa kukisoma. Sitakaa sana hapo, juu Dibwe anaandika kama mwanahistoria: anachukua neno la mzee mahali linapomsaidia kuthibitisha, na anakwambia analichukua wapi. Hiyo ni kazi nyingine. Sisi tunapomrekodi kambo hatuthibitishi kitu. Ao tunafikiri hatuthibitishi.

Na kuna kile kitabu kikubwa ambacho wengi wenu mmekisoma kwa Kifaransa, Congo cha David Van Reybrouck, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 2010. Kinaanza na mzee anayeitwa Nkasi, aliyesema alizaliwa mwaka 1882. Kimeandikwa vizuri kabisa, nilikisoma usiku nikaenda kazini macho mekundu. Lakini angalia namna wazee wanavyoongea mule. Wanaongea vizuri mno. Neno linakuja wakati mwandishi analihitaji, linaondoka bila kusumbua. Swali lililolileta mara nyingi hulioni. Ni uzuri ule ule ambao mimi niliutafuta nilipoandika kitabu cha kambo wangu, na sasa nafika kwetu.

Kambo, mama wa mama yangu, alikuwa Mulamba wa upande wa Kipushi. Mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza masomo, sina kazi, niko na telefoni nzuri ambayo mdogo wangu alinitumia. Nikaenda kukaa kwake majuma matatu. Nilirekodi saa kumi na moja. Alikaa ku kiti cha plastiki, mimi ku kiti kingine, telefoni katikati juu ya kiloba cha unga. Alinieleza safari, ndoa, vifo vya watoto wake wawili, baridi ya mwezi wa sita, vita vya Katanga alivyoviona akiwa msichana aliyebeba mtoto mgongoni. Alinitania pia, aliniita bwana yangu, kama vile wakambo wanavyowaita wajukuu wanaume, akiniuliza kama nitamwoa na shahada yangu ao na pesa.

Kisha nikaandika. Nikakataa sauti yangu. Niliiona mbaya, sauti ya mtoto anayejifanya mkubwa, kila mara "hein, Kambo? Si njo vile, Kambo?" Nikafuta maswali yangu yote, nikaunganisha majibu yake mpaka yakatiririka, na kwa sababu nina binamu huko Ulaya, nikayatia mu Kifaransa. Kurasa 42, na foto yake ku jalada. Alipofariki mwaka 2023, siku ya kuondoa matanga, nikagawa ile kazi kwa jamaa yote. Watu walilia. Mjomba wangu mmoja ambaye hasomi Kifaransa alikishika kifuani. Nilijisikia kama nimefanya kitu.

Mwaka uliofuata, wapwa wa tate, yaani watoto wa dada za kambo mwanaume, walikuja na ile karatasi.

Lazima nieleze kidogo kwa wenye hawajui desturi za upande ule. Kwa Walamba, sawa vile kwa Wasanga na Wabemba, damu inahesabiwa kwa mama. Mtu akifa, kitu chake kinatazama kwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Kambo alikuwa na shamba kandokando ya Kafubu, shamba zuri, udongo mweusi, unaweza kulima mboga kiangazi chote. Zamani hakuna aliyelitamani. Sasa mji unakuja, watu wanatafuta viwanja, na bei ya ardhi kule haina haya. Kama lile shamba lilikuwa la tate na yeye alimpatia bibi yake kulima tu, wapwa wake wana neno. Kama lilikuwa la kambo mwenyewe, hawana.

Na ku ukurasa wa 19 wa kitabu changu, kambo anasema wazi, kwa Kifaransa kizuri, sentensi nzima yenye kichwa na mkia: shamba la mtoni nilipewa na mume wangu.

Tulikaa kwa sultani wa mugini, chini ya mwembe. Yule mkubwa wa wapwa alisoma pale ukurasa wa 19, pole pole, akatafsiri. Mama hakuniangalia. Mjomba njo aliniangalia, akauliza swali moja tu: "Weye njo ulimusikia na masikio yako?" Nikasema sauti iko. Nilikuwa nayo ku telefoni, sikuwahi kuifuta, namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Tukaazima bafle ya kijana anayeuza CD, tukaisikiliza sisi wote, na kuku wakipita katikati.

Sauti yangu: "Kambo, ile shamba ya ku mutoni, ni tate njo alikupatiaka, hein? Si njo vile?"

Kimya. Kisha yeye: "Eeh."

Kisha yeye tena: "Eeh, mwana. Tate alikuwa muntu muzuri."

Ndiyo yote. Ile sentensi yenye kichwa na mkia ni mimi niliyeisema. Yeye alisema eeh. Mzee mmoja wa upande wa wapwa, na namheshimu kwa hilo, alicheka kabisa, akasema: "Kumbe ni weye njo ushahidi. Marehemu hakusema kitu."

Nimekaa na ile "eeh" miezi mingi sasa. Ninyi mnaijua. Huku kwetu mkubwa akisema eeh wakati mdogo anaongea, mara nyingi maana yake ni nakusikia, endelea. Iko eeh ya kukubali, iko eeh ya kuchoka, iko eeh ya heshima kwa marehemu ambaye mtoto ametaja jina lake vizuri. Unazitofautisha kwa sauti, kwa urefu, kwa namna kichwa kilivyoinama. Ku karatasi zote ni herufi tatu. Na mu Kifaransa changu hata hizo tatu hazikubaki, nilizifanya sentensi. Kama ningeandika tu swali langu na ile eeh chini yake, mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba nilimtia neno mu kinywa.

Kuna kingine, kibaya zaidi. Mjomba alisema tusikilize yote, si ukurasa wa 19 tu. Siku ya tatu, dakika ya 41, kambo anaanza mwenyewe, bila mimi kumwuliza. Ninanakili vile ilivyo:

"Ile shamba, miye na yaya njo tulikataka miti. Tulikuwa tu babili. Mwaka ile mvua ilichelewaka, na tate alikuwa angali ku kazi, hakuya..."

Na hapo sauti yangu inaingia, na furaha ya mtu aliyejua kitu:

"Mahindi gani mulipandaka, Kambo? Ile ya zamani, ao Kasai 1?"

Akanijibu. Bila shaka akanijibu, alikuwa mama wa adabu. Dakika sita juu ya mahindi: ile yenye punje nyekundu, ile inayotoa bukari tamu lakini wadudu wanaipenda, namna ya kutundika mbegu juu ya moshi wa jikoni. Mambo mazuri, mu kitabu changu yamechukua kurasa mbili na mwalimu wangu mmoja aliyasifu. Ku ile "hakuya" hakurudi tena. Hakuja lini? Hakuja kusaidia, ao hakuja kukataza? Ao alikuwa anaelekea kusema kitu kingine kabisa? Nimesikiliza pale mara nyingi kuliko nyimbo zote ninazozipenda.

Nasema hii si kwa kujipiga kifua. Nasema juu mimi nilifundishwa kutofanya hivyo. Sisi watu wa kilimo tumefanya anketi mu migini mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Tulifundishwa kwamba ukimwuliza mkulima "mbolea inasaidia, si ndiyo?" umeshaharibu fishi. Tulifundishwa kuandika namba ya swali pembeni ya kila jibu. Kama mwanafunzi angeleta majibu bila maswali, angefukuzwa ku jury. Lakini nilipofika kwa kambo nikasema hii si anketi, hii ni upendo, na nikaacha nyumbani kila kitu nilichokijua. Wengi wetu tunafikiri hivyo. Tunafikiri ukali wa kazi ni kwa wageni, na kwa wazazi wetu inatosha moyo.

Kwa marafiki ni hatari ya aina nyingine. Nilimrekodi pia mwenzangu mmoja aliyechimba mu mashimo ya malachite miaka miwili ili kulipa masomo. Tulikuwa na chupa mbili za Simba mbele yetu, akaeleza vitu ambavyo sijawahi kuvisikia, na majina ya watu. Baadaye alipata kazi. Akaniomba nifute. Nilifuta palepale, mbele yake, na nikajuta kidogo, na najua kwamba kujuta kwangu hakukuwa kwa ajili yake. Mtu anakwambia kitu juu wewe ni rafiki, si juu wewe una telefoni; hizo ni ruhusa mbili.

Basi nirudi kwa vitabu, juu nilisema nitafanya ukosoaji na nimeanza kueleza maneno ya nyumba. Nikilinganisha zile kazi na kile kitabu changu cha kurasa 42, naona kwamba yenye inadumu si ile iliyo laini. Yav hadumu kwa sababu ya tarehe zake. Anadumu juu hakuna aliyemnyoosha. Hata makosa ya kuandika yaliachwa, na ni yale makosa yanayotulazimisha kumsoma kwa sauti. Mazungumzo ya Tshibumba yanadumu juu unaona watu wawili, si mmoja. Na mimi nilimwondoa mtu mmoja, yule aliyekuwa anasukuma, nikamwacha kambo peke yake akionekana anaongea na upepo, akisema kwa hiari vitu ambavyo mwingine alivisema.

Najua mtatoa hoja, na mmoja wenu ameshaniambia uso kwa uso: jamaa haisomi transcription, jamaa inataka hadithi. Ni kweli. Nilipoonyesha mama yangu ukurasa wa kwanza wa ile mpya, yenye maswali, yenye "hein", yenye kimya nilichokiandika "kimya", aliniambia inafanana na karatasi za tribinali. Lakini si lazima uandike kila kikohozi. Weka swali lako. Hata kwa ufupi, hata kwa herufi ndogo. Acha eeh ikae eeh. Pale ulipokatiza, sema nimekatiza. Na ukitafsiri kwa Kifaransa, acha maneno yenyewe pembeni, hata kama binamu wa Ulaya hatayasoma. Hadithi haitakufa kwa hiyo. Mimi ninaona inapata nguvu, juu msomaji anaona mjukuu aliyekaa ku kiti cha plastiki na ujinga wake, na bibi anayemvumilia.

Na kingine ambacho nimekiiba kwa Tshibumba: tafuta kitu cha kuweka mbele ya mzee. Kama ningempeleka kambo kule Kafubu, hata kwa pikipiki, hata nusu saa, angeonyesha kidole. Angesema mti huu tuliuacha, ule tuliukata. Mimi nilimkalisha ndani juu nje upepo uliharibu sauti. Nilipata sauti safi kabisa.

Sultani hajaamua. Alisema neno ambalo halikumalizwa haliwezi kumpa mtu shamba wala kumnyang'anya, na kwamba atafutwe mtu mwingine aliyekuwepo. Yule yaya wa kambo alikufa zamani, lakini binti yake yuko Kasumbalesa, mama mzee sasa, na inasemekana alikuwa mtoto wa kubebwa wakati miti ilikatwa, kwa hiyo atasema tu kile alichosikia kwa mama yake. Wakati tunangoja, upande wa barabara kuna mtu ameshapanga matofali.

Ile kazi mpya imefika kurasa 61 na bado. Wale waliopata ya kwanza, nimewaomba wairudishe; wanne wamerudisha, wengine wanasema ni ukumbusho wa mama yao, hawatoi. Mwezi ujao tutaenda Kasumbalesa. Mjomba ataongea na yule mama, yeye mwenyewe, kwa Kilamba. Mimi nimekatazwa kuuliza kitu chochote juu ya shamba. Nitashika telefoni tu, na nikitaka kujua juu ya mahindi, amesema, niulize wakati wa kula.